Ukurasa Ambao Anatoli Hakuusoma

Jumatano, tarehe 9 Novemba 1977. Manyunyu yalianguka Ushirombo tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba.

"Andika jina lako hapa," alisema Bruda Ansgar, akisukuma daftari la wageni wa maktaba ya misioni.

Anatoli akaandika polepole, herufi moja moja. Miaka kumi na mitano nyuma, alipoambiwa maneno hayohayo, aliona haya kusema hajui kuandika. Akageuka, akaondoka. Leo mwalimu wa kisomo cha jioni alikuwa amemtuma atafute historia ya kijiji.

Bruda akafungua chumba cha vitabu vya kale.

"Viliandikwa na makatekista wa kwanza. Geuza taratibu, karatasi zimechoka kuliko mimi."

Anatoli akafanya ishara ya msalaba, akafungua. Kidole kikatambaa mstari kwa mstari, kikasimama.

"Mwaka 1894. Mtoto wa kiume amekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Kwao Ufipa. Amepewa jina Makoye. Amekabidhiwa wazazi wa Mageni, alelewe kama mwana wao."

Makoye alikuwa babu yake Anatoli. Mageni alikuwa babu yake Tereza, aliyekuwa mchumba wa Anatoli zamani.

"Bruda, hawakuwa ndugu wa damu!"

"Sasa mbona unalia?"

"Kwa sababu nilisema nimesoma."

Akaomba karatasi, akaunakili ukurasa wote, kisha akapita kanisani kuungama. Mchana akafika kwa Tereza, mjane, aliyekuwa barazani akichambua mbegu za karanga.

"Hodi, Mama Paskalina."

"Karibu. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuungama."

"Padre yuko kanisani."

"Kwake nimetoka. Tereza, mwaka sitini na mbili wazee walipotukataza kuoana, wakisema sisi ni ndugu, ulinituma misioni."

Mikono ya Tereza ikasimama juu ya ungo.

"Bibi aliniambia Makoye aliletwa na msafara. Paroko akasema mkiukuta ukurasa, nawafungisha ndoa. Ukaenda, ukarudi, ukasema umesoma, ni ndugu kweli."

"Sikusoma. Sikujua kusoma. Niliishia mlangoni." Akamnyooshea karatasi. "Leo nimesoma. Bibi yako alisema kweli."

Tereza akaisoma mara mbili. Kuku wakaja kudonoa mbegu, naye hakuwafukuza.

"Baba alikuwa amenifungia ndani. Sikuwa na miguu mingine ila yako, Anatoli."

"Najua."

"Ungeniambia hujui kusoma!"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka siku moja. Kesho yake ningekufundisha."

Anatoli akainamisha kichwa.

"Unajua waliniitaje? Mwanamke anayemtamani kaka yake. Kisimani waliacha kunisalimia. Nikapewa mzee wa Bukombe, maana kijana gani angenichukua? Nimemwosha miguu miaka kumi na miwili, kwa ajili ya haya yako."

"Nisamehe. Na kama moyo wako bado una nafasi, niruhusu nije kukuposa."

"Usinipose. Nilikupenda mpaka nikaugua, sikufichi. Lakini sasa nataka jina langu, sitaki mume. Jumapili, baada ya Misa, mbele ya watu. Na shangazi Eufrasia awepo, yeye ndiye aliyelitembeza neno lile."

Jumapili watu walipotoka kanisani, Anatoli akasimama kwenye ngazi. Alikwama mara tatu, lakini akausoma ukurasa hadi mwisho.

"Haa! Tangu lini Anatoli anasoma?" shangazi Eufrasia akapaza sauti.

"Tangu mwaka jana, shangazi. Mwaka sitini na mbili sikujua hata a. Nikamdanganya Tereza kwamba nimesoma. Hana kosa. Mwongo ni mimi."

Shangazi akavuta kanga yake mdomoni, akamtazama Tereza, kisha akatazama chini.

"Na sisi tuliosema?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mlisema kwa sababu yangu."

Tereza alikuwa amesimama peke yake, macho makavu. Anatoli akamgeukia, akainua mkono wa kuume.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Kila nyumba alikotajwa Tereza kwa jina lile, hapa Ushirombo na kwa ndugu waliohamia Bugarama, nitabisha hodi kwa miguu yangu, niseme niliyoyasema leo. Sitarudi kumposa. Nitarudi mara moja tu, kumwambia kwamba nyumba zimekwisha."