Samaki Hamsini wa Chini ya Tenga

Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa bado wamejifunika shuka, Chapuchapu alikuwa amekwisha kuvaa buti za mpira na kubeba ubao wa kupimia samaki. Jina hilo alipewa na bibi yake. Tangu utotoni alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu, na akifagia chumba, takataka nyingine zilibaki pale pale zikimtazama. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda.

Mama yake alikuwa mtafiti wa samaki. Pale gatini watu walimwita Daktari, na haikupita wiki bila mtu kumletea goti lililovimba. "Mimi natibu wenye magamba tu," alikuwa akiwajibu huku akicheka. Alitaka kujua samaki wanataga wapi, wanakulia wapi, na wangapi wanavuliwa kabla hawajataga hata mara moja. Kwa ajili hiyo alifunga kamera ndogo katika mashua sita, juu ya meza ya kuchambulia samaki. Kila samaki aliyepita mezani alipigwa picha, na kompyuta ya ofisini ikampima urefu.

Lakini hata kompyuta lazima ikaguliwe. Kwa hiyo kila Jumamosi tenga moja la samaki lilipimwa kwa mkono. Samaki alilazwa ubaoni, pua ikagusa kibao cha mwanzo, na urefu ukasomwa pale mkia unapogawanyika. Vipimo vya mkono vikilingana na vya kamera, kamera inaaminika. Kazi hiyo ya ubao ilikuwa ya Chapuchapu, naye aliionea fahari.

Jumamosi hiyo Mama aliitwa kwenye mashua nyingine kupasua samaki aangalie mayai. Chapuchapu akabaki na tenga la Nahodha, mwenye moja ya mashua zile sita: samaki mia moja na ishirini juu ya barafu. Alipomaliza wa sabini, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kutoka uwanja wa shule alisikia filimbi. Timu yake ilikuwa inapasha misuli. Muuzaji aliyenunua tenga lile naye alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Mwanangu, utamaliza lini? Barafu inayeyuka na wateja wananingoja."

Chapuchapu alichungulia ndani ya tenga. Wale sabini wa kwanza walikuwa wakubwa, wengi wa sentimita thelathini na ushei. Hawa waliobaki watakuwa na tofauti gani? Akaandika thelathini na moja, thelathini, thelathini na mbili, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mistari hamsini ikajaa.

"Tayari, shangazi, chukua!" alisema, akanawa mikono na kutoka mbio. Timu yake ilishinda mchezo, naye akasahau kabisa habari za tenga.

Jumatano, alipotoka shule, alipitia ofisini kwa Mama. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ghala la barafu, chenye meza mbili na rafu ya chupa za mayai ya samaki. Fundi wa kamera alikuwa ameifungua kamera ya mashua ya Nahodha vipande vipande, kwa mara ya tatu.

"Kioo kizima, waya mzima," Fundi alisema. "Daktari, huyu mgonjwa wako haumwi popote."

"Basi kwa nini anaona samaki wadogo ambao ubao haukuwaona?" Mama aliuliza. "Karibu hamsini! Kamera inasema ni wadogo, karatasi inasema ni wakubwa."

Huko nje sauti ya Nahodha ilikuwa ikisikika tangu Jumatatu. Alimwambia kila aliyepita kwamba mtambo wa Daktari unawasingizia wavuvi kuwa wanavua watoto. Mama alifunga daftari lake.

"Jumamosi kuna mkutano wa wavuvi. Nitawaambia kamera haziaminiki, tuzifungue zote."

"Daktari! Kazi ya miaka miwili?"

"Hata ingekuwa kumi. Siwezi kumwambia mtu aache kuvua mahali fulani kwa namba ambazo mimi mwenyewe siziamini."

Sasa Chapuchapu alikumbuka jambo ambalo kila mtoto wa gatini analijua: tenga hupangwa wakubwa juu, ili wapendeze machoni, na wadogo hufichwa chini. Yeye alipima wa juu na kukisia wa chini.

Alifungua kitabu akajifanya anasoma. Akinyamaza, nani atajua? Samaki wale walikwisha kuliwa, hata miiba yao imetupwa. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilimpa nafuu. Kisha Mama akavuta sanduku tupu kutoka chini ya meza na kuanza kupanga vipande vya ile kamera ndani yake. Chapuchapu akasimama.

"Mama, kamera haijakosea. Ni mimi. Sikuwapima wote. Nilikisia."

Fundi aliacha bisibisi mezani. Mama alimgeukia bintiye.

"Kuanzia samaki wa ngapi?"

"Wa sabini na moja."

Mama hakufoka. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta namba hamsini, moja moja. Kazi hiyo ilichukua muda, na Chapuchapu aliona heri angegombezwa.

"Nisamehe, Mama. Na wewe, mjomba Fundi."

"Nimekasirika, sikufichi," Mama alisema. "Fundi amepoteza siku tatu kuitibu kamera nzima. Jumamosi utapima tenga la Nahodha lote, mbele ya wavuvi, kabla ya mkutano. Na wewe ndiye utakayemweleza kwa nini."

"Mimi, Mama?"

"Karatasi ina mwandiko wa nani?"

Jumamosi ilipofika, gati lilikuwa limejaa watu. Nahodha aliruka kutoka kwenye mashua yake, mtu mkubwa mwenye kifua cha pipa.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, Chapuchapu! Umekuja kuiaga kamera?"

Wavuvi walicheka. Chapuchapu alisema yote, kuanzia filimbi ya uwanjani mpaka mistari hamsini. Kicheko kikakatika.

"Wiki nzima nimetangaza kuwa kamera ni mwongo," Nahodha alisema, "kumbe mwongo ni wewe?"

"Ndiyo, Nahodha. Naomba radhi. Na naomba kupima tenga lako, lote."

"Mwache apime," muuzaji aliingilia kati. "Leo barafu nimeleta ya kutosha."

Nahodha aliguna. Akalinyanyua tenga, akalipindua juu ya meza, waliokuwa chini wakawa juu.

"Haya. Anza na hawa."

Chapuchapu alianza. Pua kwenye kibao, macho kwenye mkia, kalamu kwenye karatasi. Nahodha alisimama nyuma yake akisoma namba kwa sauti, kila mtu asikie. "Kumi na tisa! Ishirini na moja! Kumi na nane!" Kadiri wadogo walivyozidi, sauti yake ilipungua, na mwisho akanyamaza. Filimbi ililia uwanjani. Chapuchapu hakuinua kichwa. Samaki wa tisini na nne alimteleza, naye hakuwa na hakika kama amesoma vizuri. Akamwokota, akampima upya. Vidole viliposhindwa kushika kalamu, muuzaji alimletea maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, naye akavichovya na kuendelea.

Alipomaliza samaki wa mia moja thelathini na nne, Fundi aligeuza kompyuta watu waone. Vipimo vya kamera na vya ubao vilikwenda sambamba, tofauti hazikuzidi sentimita moja. Zaidi ya sitini kati ya samaki wale walikuwa wadogo mno, wa umri wa kutotaga hata mara moja.

Nahodha alivua kofia yake.

"Hawa tumewatoa kwenye nyasi za chini ya maji, karibu na mlango wa mto," alisema bila kumtazama mtu. "Pale nyavu hujaa upesi. Nilijua ni wadogo. Lakini nilipoona karatasi inasema ni wakubwa, niliipenda ile karatasi."

Mkutano ulikuwa mfupi. Kamera zilibaki mashuani, na wavuvi wakakubaliana kutotega nyavu kwenye nyasi zile mpaka samaki wakue. Nahodha ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Baadaye, wakati wanaosha ubao, Mama alisema, "Ukisoma vibaya, unapima tena, yanakwisha. Lakini namba ya kubuni haina samaki. Na umeona mwenyewe, haikukudanganya wewe peke yako. Nahodha naye alijificha nyuma yake. Kazi ifanye yote, mwanangu. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa. Na ukikosea, sema mapema, usingoje mpaka nishike sanduku."

"Nimeelewa, Mama." Chapuchapu alikausha ubao taratibu, pembe kwa pembe. "Jumamosi ijayo utampa nani kazi hii?"

"Wewe," Mama alijibu, akamkabidhi kalamu. "Kuanzia chini ya tenga."