Bwana Harusi na Gunia la Maharagwe

— Umelifungua gunia?

Kwenye simu, sauti ya Donatien ilikuwa laini kama ya mtangazaji wa redio. Régine aliibana simu kati ya sikio na bega, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko.

— Cheri, ni maharagi. Nifungue nitafute nini?

— Bon. Usilifungue. Mahari ikifunguliwa mbele ya siku yake inaleta mikosi. Kesho natuma taxi ilibebe, ilete kwangu Porte de Namur.

— Nimesikia, cheri.

Uongo huo ulisemwa kwa adabu kubwa. Régine alilelewa na masista katika shule ya bweni huko Bukavu, palepale alipowahi kumvika mbuzi wa Mama Mkuu shela nyeupe na kumwingiza kanisani kwenye misa ya asubuhi. Mbuzi alisali vizuri. Mhalifu hakupatikana hadi leo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, mwaka 1996, katika nyumba ya ghorofa ya tatu mtaani Schaerbeek, mjini Brussels. Jumamosi Donatien alikuwa aje kutoa mahari. Donatien, kwa wasiobahatika kumfahamu, alikuwa mpwa wa kanali mmoja aliyeishika barabara ya machimbo ya Kamituga kama mtu anavyoshika kamba ya mbwa wake. Hakuna aliyepita pale bila kuacha kitu. Kijana mwenyewe alivaa viatu vya ngozi ya mamba, na alipoketi alikunja mguu ili mamba naye asalimiwe.

Mapenzi yake yalikuwa na utaratibu wa ajabu. Kila zawadi ilitoka Zaire kwa ndege, na kila mara Régine ndiye aliyetumwa uwanja wa ndege wa Zaventem kuipokea kwa jina lake: samaki wakavu, unga, vitenge. Na kila mara zawadi ilipaswa kupita kwanza kwa Donatien "ikaguliwe". Sasa hata gunia la mahari lilikuja vilevile. Hilo ndilo lililomchoma Shangazi Victorine, aliyemlea Régine tangu mama yake alipofariki.

— Tangu wakati gani bibi-arusi anajiendea kubeba mahari yake? aliuliza. Kesho utajioa na wewe mwenyewe?

Ndiyo maana mkono wa Régine ulikuwa ndani ya gunia. Chini kabisa, vidole vyake viligusa vijiwe. Vilikuwa na ukubwa wa maharagwe, vimepakwa udongo mweusi, lakini vilikuwa vizito kupita adabu. Alikwangua kimoja kwa ufunguo wa mlango. Chini ya udongo palikuwa na njano.

Akampigia Bienaimé.

Bienaimé ndiye aliyempenda, na mapenzi hayo hayakuhitaji ndege. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hadi askari wa Maréchal, mtawala wa Zaire, walipovamia mabweni; akakimbia na suruali moja, na sasa alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa wa Matonge, mtaa wa Waafrika mjini humo, huku akingoja karatasi zake za ukimbizi. Papa Polycarpe, baba yake Régine, alimkataa bila kumkaribisha kiti. Hana karatasi, alisema, hana hata koti la baridi.

Lakini koti halikuwa sababu yenyewe. Modeste, mdogo wake Papa, alikuwa gerezani Kinshasa kwa ajili ya maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara. Donatien alikuwa ameahidi: siku ya ndoa, kanali atasema neno moja, Modeste atatoka. Papa hakuwa akimuuza binti yake. Alikuwa akijaribu kumnunua ndugu yake, na usiku hakuwa akipata usingizi.

Bienaimé alisikiliza habari ya vijiwe hadi mwisho. Kaka yake Numbi alichimba Kamituga. Askari wa kanali walichukua dhahabu yake yote, kisha wakamchukua na yeye. Tangu hapo hakuonekana.

— Twende polisi, alisema.

— Karatasi ya Zaventem iko na jina ya nani?

— Ya Donatien?

— Yangu. Ya samaki, yangu. Ya unga, yangu. Polisi wataniuliza mimi kwanza, na wataniuliza nikiwa mu cachot, mlango umefungwa.

— Alors, tufanye nini?

— Inabidi yeye mwenyewe aseme ni yake. Kwa kinywa chake, mbele ya watu.

— Donatien? Hawezi sema hata siku moja.

— Ule amekulia Kinshasa, Bienaimé. Hajui mashangazi ya kwetu.

Hapa ni lazima tusimame kidogo kwa heshima. Katika ukoo wa Papa Polycarpe, maharagwe ya mahari hayakai pembeni yakipigwa picha. Hupikwa siku hiyohiyo, nyumbani kwa msichana, na shangazi huyachambua mbele ya wageni wote, kwenye ungo, bila haraka. Jiwe ni dharau, na kila dharau hutangazwa kwa sauti. Mjini Brussels watu wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, wakaagiza chakula. Shangazi Victorine hakuwa miongoni mwa watu wengi.

Ijumaa asubuhi taxi ilikuja ikarudi tupu. Régine alimweleza Donatien kwa simu kwamba Shangazi amelifungia gunia chumbani kwake na amelala na ufunguo, na nani angeweza kumpekua Shangazi. Kisha akapanda tramu hadi Auderghem, kwa Padri Karel, mmisionari mzee Mflemi aliyefundisha Bukavu nusu ya maisha yake na aliyekuwa mgeni wa heshima wa kesho. Mkononi alikuwa na mfuko mzito wa kitambaa. Padri alitazama ndani, akaenda kuchukua koti lake na kofia.

Jumamosi saa nane mchana sebule ilijaa. Papa alikuwa amekwisha kuvaa suti mpya iliyoletwa na bwana harusi. Mashangazi walikuwa na vitenge vyao. Donatien aliketi katikati, mamba mmoja hewani. Padri Karel alikaa karibu na dirisha, na kando ya mlango walikaa Wabelgiji wawili aliowaleta, watu wa kimya, wanaokula sambusa kwa bidii ya kazi.

Gunia likaingizwa, limefungwa utepe mwekundu. Donatien alilitazama kama mtu anayemwona mama yake stesheni.

— Lete ungo, alisema Shangazi Victorine.

— Maman, ungo ya nini? Donatien akacheka kidogo. Tutapika kesho.

— Tutapika? Wewe na nani?

Watu wakacheka. Shangazi akapiga magoti kwenye mkeka, akamwaga, akaanza. Vidole vyake vilikimbia kama vya mpiga kinanda. Kijiwe cha kwanza kikalia kwenye kisahani: ting.

— Jiwe, alitangaza.

Ting.

— Jiwe tena. Mukwe wetu anatupenda.

Donatien alishusha mguu. Papa Polycarpe, ambaye hakupenda aibu ya watu wengine iwe ndefu, aliona heri aharakishe mambo. Akasimama, akainua mkono, akauliza kama baba anavyopaswa kumuuliza binti yake mara tatu mbele ya mashahidi, kujua kama anakubali:

— Régine, mwanangu. Hii mali imeletwa juu yako. Tukule?

— Papa, muulize kwanza Shangazi kama inaliwa.

Ting, ting, ting. Kisahani kilikuwa kimejaa. Shangazi akanyanyuka nacho, akielekea dirishani.

— Maman Victorine, nipe hizo mawe, alisema Donatien. Nitatupa mimi.

— Mukwe hatupi takataka siku ya mahari.

— Maman, tafadhali. Usitupe.

— Mawe?

— Haiko mawe.

— Mimi nachambua maharagi tangu wewe hujazaliwa, na unaniambia haiko mawe?

Dirisha lilikuwa wazi. Chini palikuwa na mfereji wa maji machafu na reli za tramu. Shangazi akanyoosha mkono nje, na kisahani kikaanza kuinama.

— Ni yangu, alisema Donatien.

Sauti ya redio ilikuwa imekatika. Padri Karel akawageukia Wabelgiji wawili na kuwatafsiria kwa Kifaransa, taratibu, kama anayesoma Injili.

— Yako namna gani? aliuliza Shangazi.

— Ni dhahabu. Yangu na ya colonel. Hata ile ya mu samaki ilikuwa yangu, Régine hajui kitu. Leta hapa, maman, nakuomba.

— Mungu wangu, alisema Shangazi, na mshtuko wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kisahani kilimponyoka chote.

Donatien hakupita kwa Papa kuaga. Viatu vya mamba vilisikika kwenye ngazi, ghorofa ya pili, ya kwanza, kisha barabarani. Sebule nzima ilihamia madirishani. Bwana harusi alikuwa amepiga magoti kwenye mfereji, suti yake nyeupe imelowa, akichokoa tope kwa vidole huku tramu ikimpigia kengele.

Papa alibaki peke yake katikati ya sebule, mkono bado juu. Régine akainamia dirisha.

— Cheri, aliita kwa upole. Papa ataniuliza mara ya pili. Nimujibu nini?

Donatien hakuinua kichwa.

— Ngoja kwanza.

Neno hilo lilipanda ghorofa tatu, na kila mtu alilisikia. Mkono wa Papa ukashuka.

Pale chini, kijana mmoja asiye na koti alikuwa ameegemea mlango. Donatien hakumjua.

— Ndugu, saidia kuokota, nitakupatia kamoja.

Bienaimé aliokota kijiwe kimoja, akakitazama.

— Kaka yangu Numbi alikuwa anaziokota, alisema. Kamituga. Noko yako, ule colonel, hakumuachia hata kamoja.

Akakiweka kwenye kiganja cha Donatien na kurudi mlangoni. Hapo Padri Karel akatoa kichwa dirishani, na kwa Kiswahili safi cha vitabu vya sala akasema:

— Mwanangu Donatien, unajisumbua bure. Dhahabu yako iko forodhani tangu jana jioni. Hizo ni kokoto za bustani ya Josaphat. Nilizipaka udongo mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, na nilifurahi sana.

Wabelgiji wawili walifuta vidole, wakamshukuru Shangazi kwa sambusa, wakashuka kumsubiri mwenye mali ainuke. Walikuwa watu wa forodha. Jana walikuwa wamemwambia Régine waziwazi kwamba jina lililo kwenye karatasi ni lake, na kwamba wangeamini jingine tu kama wangelisikia kwa masikio yao. Sasa walikuwa wamelisikia.

Kicheko kilipoisha, Papa aliketi.

— Na Modeste? aliuliza.

Régine akapiga magoti mbele yake.

— Papa, ule colonel ni mumoja wa wale walimufunga Modeste. Akimufungua leo kwa ajili yangu, kesho atakuomba nini tena?

— Ni mudogo wangu, Régine.

— Najua, Papa. Lakini hawakutaka kumurudisha. Walitaka jina yangu tu, ya kuandika kwa karatasi.

Papa aliinuka. Kisha akavua koti la suti mpya, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti kilichoachwa na Donatien. Akabaki na shati, katika ule ubaridi wa dirisha lililo wazi. Bienaimé alikuwa amepanda na kusimama kizingitini.

— Wewe nawe huna koti, Papa alimwambia.

— Sina, Papa.

— Basi ingia, ufunge dirisha.

Hayo hayakuwa maneno ya kumpa mke, lakini safari hii kiti kilisogezwa.

Vita vilipita kwao Kivu mwishoni mwa mwaka huo, na katika nyumba ile ya Schaerbeek kuna majina yaliyotajwa kwenye sala kuanzia wakati huo. Mei iliyofuata Maréchal alikimbia, makanali wake wakakimbia mbele yake, na waliokuwa na funguo za magereza wakazitupa njiani. Siku moja simu ililia, Papa akaipokea, akasikia mtu akikohoa, akaanza kulia kabla mtu huyo hajasema jina lake. Alikuwa Modeste.

Mwezi wa tisa Bienaimé alileta mahari. Alikuwa na karatasi na koti. Gunia alilinunua Matonge, akalibeba begani mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, na Régine hakuligusa hata kwa kidole.

Shangazi Victorine alilaza ungo, akachambua. Kwa muda mrefu hakukuwa na mlio wowote. Halafu: ting.

Watu wakanyoosha shingo. Shangazi akakiinua kijiwe kwenye mwanga, akakigeuza, akakikwangua kwa ufunguo, mwishowe akakiuma.

— Ni jiwe, alisema.

Watu wakapiga makofi hadi jirani wa chini akagonga dari. Papa akasimama, akauliza mara ya kwanza, Régine akaitika. Akauliza mara ya pili, akaitika. Papa, mtu wa kufuata mambo yote kikamilifu, akakohoa, akarekebisha tai, akafungua kinywa kwa mara ya tatu.

— Mukule, Papa, alisema Régine. Maharagi inapoa.