Honi Tatu kwa Mti wa Popo

Watu walimwita Honi. Alikuwa dereva wa tingatinga kwenye jaa la taka la mji. Kabla ya kusukuma taka, alipiga honi mara tatu, kisha akangoja. Waokota chupa walikusanya magunia yao, wakapisha. Kwa miaka tisa hakuwahi kumgusa mtu hata ukucha. Jambo hilo lilimpa fahari kuliko mshahara wake.

Mkewe, fundi cherehani, hakumwacha apumue.

"Hata akija kula anapiga honi," aliwaambia wateja wake. "Mimi napisha tu."

Mwaka huo jaa lilijaa pomoni. Siku moja msimamizi wa jaa alimwita Honi, akamwonyesha miti minne mikubwa upande wa bondeni.

"Tunapanua. Hiyo yote iangushwe. Mwisho Ijumaa."

Jumatano saa nne asubuhi, Honi aliukabili mti wa kwanza. Ulikuwa mti wa zamani, shina lake lina tundu refu. Alipiga honi tatu. Akangoja. Hakikutoka kitu. Akasukuma.

Mti ulianguka, shina likapasuka. Popo wakatoka kama moshi. Afadhali wamepisha, Honi alijisemea. Kisha akasikia sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alizima injini, akashuka.

Chini palikuwa na popo wadogo, wengine hawajaota manyoya. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mwokota chupa mmoja, mama mtu mzima waliyemwita Bibi Magunia, alifika akasimama kando yake.

"Niliwapigia honi," Honi alisema. "Mama, si ulisikia? Mara tatu."

"Nilisikia, baba. Lakini mimi nina miguu."

Honi alichukua koleo, akawafukia. Siku hiyo hakusukuma tena.

Jioni alikaa mbele ya sahani bila kuigusa. Mkewe alimtazama, akameza utani wake. Alitoka, akarudi na jirani yao, afisa wa wanyamapori. Mtaani aliitwa Dada Darubini, maana hata sokoni alikwenda na darubini shingoni.

Honi alimweleza yote. Dada Darubini alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliwashika kwa mkono?"

"Kwa koleo."

"Vizuri. Popo anaweza kuwa na ugonjwa. Asishikwe kwa mkono mtupu. Sasa sikia, shemeji. Popo hulala mchana. Mama hulala na mtoto kifuani. Akishtuka huruka, na mtoto anaweza kubaki pale pale. Zinapita wiki kadhaa kabla mtoto hajajua kuruka."

"Kwa hiyo honi yangu..."

"Ulipiga hodi, ukaingia kabla ya kuambiwa karibu."

Honi aliinamisha kichwa.

"Lakini popo ana faida gani?" mkewe aliuliza. "Ndege gani ana meno?"

"Si ndege, mwenzangu. Ni mnyama, ananyonyesha kama ulivyonyonyesha wewe. Hawa wa tunduni wanakula wadudu, mbu wakiwemo. Wale wakubwa wanaokula matunda husambaza mbegu za miti."

Mkewe alijipiga kofi mkononi, akafuta mbu.

"Basi umewafukia mafundi wangu wa kuua mbu, mume wangu," alisema. Lakini hakucheka.

"Na taka mnazifunika udongo lini?" Dada Darubini aliuliza.

"Jumamosi."

"Na ndege wa jaani wanakula lini?"

Honi aliisogeza sahani kando.

"Wanakula kila siku, shemeji. Wanameza vipande vya nailoni wakidhani ni chakula. Tumbo linajaa, ndege anakufa na njaa. Nyuzi zinawafunga miguu. Taka zifunikwe kila jioni."

Kesho yake msimamizi alimkuta Honi amekaa juu ya tingatinga. Injini ilikuwa imezimwa.

"Malori yamepanga foleni! Unangoja nini?"

"Mkubwa, miti hii siangushi."

"Nitatafuta dereva mwingine."

"Mtafute. Ila twende kwanza bondeni uone."

Honi alijua anachokiweka rehani. Ada ya shule ya watoto wake ilitoka kwenye usukani ule. Hata hivyo alitia ufunguo mfukoni, akashuka, akatangulia.

Alimwonyesha msimamizi udongo mbichi na shina lililopasuka. Popo mmoja mdogo alikuwa bado amenasa kwenye ufa, mkavu. Msimamizi alivua kofia.

"Sasa taka nizipeleke wapi?" aliuliza. "Nyumbani kwangu?"

"Kule juu," alijibu Dada Darubini, aliyekuwa amefika na darubini yake. "Lile shimo walilochimba kokoto ni tupu, halina mti. Lipimwe, litayarishwe, muanzie huko. Na siku nyingine, miti ikaguliwe kabla ya kupanua. Penye kiota au tundu lenye watoto, mngoje waruke. Ukanda huu wa bondeni uacheni kabisa."

Msimamizi aliitazama miti mitatu iliyobaki, akaitazama foleni.

"Geuza tingatinga," alimwambia Honi.

Tangu siku hiyo Honi alifunika taka kwa udongo kila jioni. Ndege waliokuwa wakigombania nailoni walipungua. Kabla ya kusafisha sehemu mpya, alishuka, akauzunguka kila mti, akachungulia juu. Honi tatu zilibaki za watu wenye miguu.

Wiki kadhaa zilipita. Jioni moja, jua likizama, Honi, mkewe na Bibi Magunia walisimama mbali kidogo na mmoja wa ile miti mitatu iliyobaki. Popo wakubwa walitoka kwanza. Kisha akatoka mdogo mmoja, akiyumba kama mtoto anayeanza kutembea. Wengine wakamfuata.

"Haya, baba," Bibi Magunia alisema. "Sasa wanaweza kupisha."

Honi alikuwa ameligeukia lile shina lililopasuka.

"Wale nao," alisema, "wangekuwa wanaruka leo."

Mkewe alimshika mkono. Wakahesabu popo waliokuwa wakitoka mpaka macho yakashindwa kuona.