Nyuzi Mia Sita na Arobaini

"Kwanza."

"Chiriku, nisikilize dakika moja tu."

"Pili."

"Najua umenikasirikia."

"Tatu. Wewe, leta uzi!"

Nikaleta uzi. Ningefanya nini? Huyu ndiye msichana niliyekuwa nimuoe, anaitwa Chiriku kwa sababu haishiwi maneno, na kwa miezi mitatu hakuwa amenisemesha hata moja. Leo ananisemesha manne, kwanza, pili, tatu, nne, na yote ni namba za fremu za mtambo wa kufumia.

Tulikuwa kwenye karakana ya shangazi yake. Mtande wa mapazia ya mteja wake, yaani zile nyuzi ndefu zinazotangulia kabla hujafuma chochote, ulikuwa umeshaviringishwa kwenye gogo la nyuma. Nyuzi mia sita na arobaini. Kila uzi lazima upite kwenye kitanzi chake, kwa zamu, fremu ya kwanza mpaka ya nne, kisha unaanza tena. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa nyuma anasogeza uzi, mwingine anakaa mbele anauvuta kwa kindoano. Mnatazamana uso kwa uso kupitia vitanzi, mtake msitake.

Msaidizi wa Shangazi alikuwa ameteguka mkono, ndiyo maana niliitwa mimi. Nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa na basi la kwenda mji mwingine kuanza kazi kiwandani. Kwa hiyo nilikuwa na nyuzi mia sita na arobaini za kuombea msamaha. Zikiisha, ndio basi tena.

"Ngongoti," Shangazi aliniita. Ni jina la utani, urefu huu umeniletea. "Ongea, lakini mikono ifanye kazi."

"Sawa, Shangazi."

"Na wewe Chiriku, nuna utakavyo, ila usivute kwa hasira. Utanikatia uzi."

Tulipofika mia mbili nikajipa moyo.

"Siku ile..."

"Nne. Siku ipi? Ile ambayo wazazi wangu walikaa sebuleni tangu saa nne wakikungoja wewe na mjomba wako? Au kuna nyingine?"

"Hiyo hiyo."

"Ujumbe wako ninao mpaka leo. Nikusomee?" Hakungoja jibu. Akatoa simu, akasoma kama anatangaza habari: "'Samahani, leo haitawezekana. Nitakueleza.' Halafu ukazima simu siku mbili. Mimi nilikujibu nini?"

"'Baba amevaa suti.'"

"Baba amevaa suti! Suti ya harusi yake, Ngongoti! Vifungo havifungi, kabana pumzi mpaka saa nane mchana, hataki kuivua, eti mkwe asije akamkuta na fulana."

Nilijitahidi. Mungu anajua nilijitahidi. Kicheko kikanitoka puani.

"Usicheke!"

"Sicheki."

"Unacheka! Leta uzi," akasema, na mabega yake mwenyewe yanatikisika.

Hapo nikapata nguvu ya kusema lile lililokuwa limenikaba miezi yote mitatu.

"Asubuhi ile, kwenye kile kiwanda changu cha zamani, walitupanga mstari wakatusomea majina. Watu kumi na wanane. Langu lilikuwa la tano. Nikatoka pale sina kazi, na saa nne natakiwa nikae mbele ya baba yako aniulize nitakulisha nini."

Kindoano kikasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu."

"Aibu ya nini? Mimi nafuma. Najilisha tangu nina miaka kumi na tisa. Nilikuomba unilishe?"

"Hapana."

"Nililia wiki mbili nikidhani una mwanamke mwingine! Nimempigia kila rafiki yako nikimuulizia. Kumbe mwanamke mwenyewe ni aibu!"

"Nisamehe, Chiriku. Nilikosea, na nakupenda. Hata leo nimekuja kwa ajili yako. Mapazia ni kisingizio."

Akarudisha kindoano kwenye kitanzi.

"Kwanza," akasema. Alilisema kwa upole, nakubali, lakini bado lilikuwa ni kwanza tu.

Ikawa hivyo. Mia nne, mia tano, mia sita. Tukaongea habari za mama yake, za jirani yake anayejifunza tarumbeta, tukacheka sana, lakini neno nililolitaka halikutoka. Uzi wa mwisho ulipita saa kumi jioni. Chiriku akajifuta mikono bila kunitazama.

"Safari njema," akasema.

Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Nikaokota begi langu.

Shangazi akakaa kwenye mtambo kujaribu kazi yetu. Akakanyaga pedali, akapitisha mshindio mwekundu mara kadhaa, maana uzi wa kukatiza ukiwa na rangi kali huonyesha kosa upesi. Akainama.

"Ebo! Kuna mstari hapa pembeni." Akahesabu kwa ukucha. "Uzi wa tisa. Umeingia fremu ya tatu badala ya kwanza."

"Basi itabidi tufumue," Chiriku akadakia. "Tuanze upya kuanzia wa tisa."

"Tufumue nini? Uzi mmoja? Nafunga kitanzi cha kamba kwenye fremu ya kwanza, dakika mbili kwisha kazi."

"Shangazi, usiguse!"

Shangazi akavua miwani.

"Wewe nimekufundisha mwenyewe. Watu wanakosea uzi wa mia tano, wameshachoka. Wa tisa hakosei mtu."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Nilipouingiza." Ameona haya hajui aweke wapi macho. "Kufumua na kuingiza upya kusingeisha leo. Na basi lake ni kesho saa moja."

Uzi wa tisa! Wakati huo nilikuwa sijajieleza hata kidogo. Mwanamke alishaamua nisiondoke, akaniacha nitoke jasho kwa nyuzi mia sita thelathini na moja zaidi.

"Kwa hiyo ulinisamehe tangu asubuhi?"

"Nani kakusamehe? Nilitaka muda wa kukukasirikia vizuri."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikaweka begi chini.

"Mpigie baba yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijaogopa tena."

Akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, Mzee. Ni Ngongoti."

"Marahaba. Yule ambaye hakuja?"

"Ndiye."

"Unafanya kazi wapi?"

Chiriku akanishika mkono.

"Sina kazi, Mzee. Nilipunguzwa asubuhi ile ile niliyotakiwa kuja kwako, nikaona aibu, nikajificha. Kesho nilikuwa naenda kuanza nyingine mbali, lakini siendi. Nampenda binti yako, na nataka kuja kukuambia hayo nikiwa nimekaa mbele yako."

Nilidhani simu imekatika.

"Binti yangu yuko hapo?"

"Yuko, Mzee."

"Analia au anacheka?"

Nikamtazama.

"Vyote viwili."

"Basi njoo Jumapili."