Taa Nyekundu ya Makutano

Jua lilikuwa linazama binti fundi redio aliporudi kutoka dukani na betri mpya, na hasira zake zilezile za asubuhi. Mama yake alikuwa amemsihi amalize ile kazi, yaishe. Yaishe vipi, jamani?

Mezani ilikuwapo reli ndogo aliyoijenga marehemu baba yake: stesheni ya mbao, treni ya kuenea kiganjani, taa za ishara ndogo kama punje za mtama. Miaka ishirini mzee huyo aliongoza taa za reli ya kweli. Kisha treni mbili zikagongana pale makutanoni. Baba mdogo, aliyekuwa akiendesha moja, akaapa kwamba alipewa taa ya kijani, akaaminiwa. Kaka yake, yule mwongoza taa, akafukuzwa kazi, akafa akiitwa muuaji.

Na kesho Baba mdogo anastaafu kwa heshima zote. Alitaka reli ile ipambe ukumbi, taa ya makutano iwake kijani. Kama siku ile, alisema, bila hata chembe ya haya.

Binti akalehemu waya mwembamba kama unywele. Akaunganisha wa kijani. Wa nyekundu akaukata.

Akaweka betri.

Nyekundu.

Akajilaumu. Alikuwa amesahau mtindo wa baba yake: taa zake zote alizifunga hivi kwamba waya ukikatika, ziwake nyekundu, treni isimame. Basi akachomoa betri.

Taa haikuzimika.

Chumba kikaanza kunuka grisi na mafuta ya taa... harufu ya koti la baba yake. Koti lile walilichoma moto mwaka jana.

Mlango ukagongwa. Baba mdogo akaingia akitabasamu, amekuja kuona kazi imefikia wapi. Tabasamu likamkauka mdomoni.

"Izime," alinong'ona.

Binti akamwonyesha betri mkononi.

Treni ndogo ikajongea. Krik... krik... Ikaipita taa, ikaanguka sakafuni, miguuni pa Baba mdogo.

"Nilisinzia," akasema. "Nilipofumbua macho nilishapita. Ilikuwa nyekundu, mwanangu."

"Kesho utasema hivyo mbele ya watu?"

Baba mdogo akajifuta jasho, akavaa kofia yake. Akasema marehemu haoni tena aibu, ila yeye ana wajukuu wa kuwatazama usoni. Akatoka, akafunga mlango.

Damu ikamchemka binti. Alitaka kumkimbilia, amkwide shati. Badala yake akaigeukia meza.

"Baba," alisema, "mfuate."

Taa ikazimika. Harufu ikakata. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole.

Nje zilisikika hatua za Baba mdogo zikienda. Nyuma yake... hatua nyingine. Za viatu vizito, za mtu asiye na haraka.

Angeweza kupiga kelele, kumwonya. Aliufunga mlango, akaketi. Hakujuta, na hilo ndilo linalomtisha mpaka leo.