Mshiriki wa Arobaini

Jumatatu Irine aliita majina kumi, yakaitikiwa yote kumi, na benchini walikaa watu tisa.

Hakushtuka. Nesi aliyeamka saa kumi alfajiri, akapika chai, akavalisha watoto sare na kupanda mlima wa Vudee kwa bodaboda hana nafasi ya kushtukia sauti moja iliyozidi. Alitia tiki. Ila alipoinua macho, ncha ya benchi la zahanati ilikuwa tupu, imelowa, na inanuka udongo uliochimbwa leo.

Ulikuwa utafiti wa dawa ya presha. Hospitali ya chuo ilisubiri vibali miezi kumi na minne, na sasa zilibaki siku chache: wasipopatikana washiriki arobaini kufikia Ijumaa, utafiti unahamishiwa mkoa mwingine. Mama yake Irine alianguka kwa kiharusi shambani, jembe mkononi. Irine hakuwa tayari kuiona dawa hiyo ikishuka mlima.

Ili kuharakisha, Daktari Asheri, msimamizi wa utafiti, alikuwa amechukua daftari la zamani la wagonjwa wa presha, akaagiza majina yote yaitwe kwa gari la matangazo, mara tatu tatu, kijiji hadi kijiji. Watu walikuja. Kisha wakaanza kujitoa. Kila aliyekaa karibu na ile ncha ya benchi alirudi kwake akitetemeka, na kesho yake hakuonekana tena.

Alhamisi asubuhi mama mmoja wa makamo alisimama mlangoni, kanga kifuani, hasira usoni. Watu walimwita Mama Yusto.

"Shikamoo, mama," Irine alisema.

"Marahaba. Mnamwita Lukasi Sifael wa nini?"

"Yumo kwenye daftari. Na kila siku anaitika."

Mama Yusto akashusha sauti. "Lukasi ni mume wangu. Nilimzika mwaka juzi. Mmemwita kama mbuzi aliyepotea, na huku kwetu marehemu haitwi hivyo. Kule korongoni kuna vitu havina jina, mwanangu. Kimoja kimelichukua jina lake."

Asheri, aliyekuwa akihesabu fomu pembeni, alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Nesi, tuna thelathini na tisa. Huyo si anaitika? Mwandike, tumalize."

"Nimwandike marehemu?"

"Nani atapanda huku kukagua?"

Hapo hapo ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia hadi ndani ya dirisha, na bila mlango kuguswa kiti cha mgonjwa kikalia kama kinavyolia akikaa mtu mzito, harufu ya udongo ikajaa chumbani mpaka ulimi ukaionja, na kile kitambaa cha mashine ya presha kilichokuwa kimelala mezani kikajinyanyua taratibu, kikajifunga juu ya hewa tupu, kikavimba, namba zikapanda mia mbili, mia tatu, zikaendelea kupanda hadi pale ambapo mashine ile haina namba.

"Nipo," ikasema sauti iliyojaa mchanga. "Niandike."

Asheri alikuwa amegandana na ukuta. "Mwandike, Irine," alinong'ona. "Kinataka namba ya mshiriki tu."

"Nikikipa namba kitarudi kila mwezi, mwaka mzima. Ndivyo karatasi inavyosema."

Irine alivuta fomu ya ridhaa. "Hapa pana utaratibu. Kila mshiriki anataja jina lake mbele ya shahidi. Wewe nani?"

"Lukasi Sifael."

"Shahidi?"

Mama Yusto akasogea mbele. "Lukasi alikuwa akiingia mahali anavua kofia, anasalimia. Hiki hakijasalimia mtu. Si yeye."

"Haya, taja la kwako," Irine alikiambia.

Chupa za dawa zikagongana kabatini.

"NIANDIKE!"

"Huna jina, huna mapigo," Irine alisema. "Hujakidhi vigezo. Toka."

Akafungua daftari, akalikata jina la Lukasi kwa kalamu nyekundu, akaandika: amefariki. Mama Yusto akatia sahihi. Irine hakuishia hapo, kisije kikachukua jina lingine. Alisoma majina yote kwa sauti, na Mama Yusto akimwambia nani alizikwa na mwaka gani, wakawakata marehemu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kila jina lilipokatwa kitambaa kilinywea, hadi la mwisho, kikaanguka mezani. Dirisha likajibamiza. Ukungu ukarudi ulikotoka.

Asheri alikaa sakafuni. "Walio hai bado ni thelathini na tisa," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitapita nyumba kwa nyumba," Irine alijibu. "Bila spika yako."

Mama Yusto alikuwa ameshavuta kile kiti, kilichoachwa kimelowa. Akakifuta kwa kanga yake, akakaa, akanyoosha mkono.

"Nina presha mwaka wa sita. Nisomee hiyo karatasi."

"Mama, huogopi?"

"Naogopa. Lakini hiki ni kiti cha wagonjwa, na mgonjwa ni mimi. Soma."