Jambia la Jiwe na Leso ya Mitchelle

Rafu ambayo Roselyne aliipangusa asubuhi ilikuwa inanuka ngozi mbichi. Akaipangusa tena, maana aliyechoka habishani na rafu.

Juu yake, ndani ya kisanduku, lilikaa jambia la jiwe lililofukuliwa kaburini. Bosi wake, Dokta Salem, mwalimu wa chuo jijini Riyadh, alikuwa akilichunguza kwa hadubini. Mezani alimweleza mkewe kwamba makali yalikuwa mazima. Kilicholika ni mbavu zake, zimelainika na kung'aa. Halikukata kitu. Aliyezikwa nalo alikuwa akilichomoa kwenye ala ya ngozi na kulirudisha, maisha yake yote.

"Sasa ala imeoza," alisema. "Limebaki uchi."

Tangu hapo, familia ikijilaza baada ya chakula cha mchana, Roselyne alisikia kwaru, kwaru kisandukuni. Saa hiyo ndiyo aliyokuwa akiibia usingizi, na sasa hata huo ukamtoka. Hakusema. Ukimtajia madam jini, utaitwa mchawi wewe, na tiketi yake ya kurudi kwao Kitale ilikuwa imeshakatwa. Bintiye Mitchelle alimwacha akitambaa. Sasa alikuwa mwanafunzi.

Mchana mmoja, machozi yakimtoka kwa uchovu tu, na ile kwaru kwaru ikipanda mpaka akaisikia menoni, alifungua kisanduku, akalitoa jambia, likiwa na joto la mwili, akalizungushia leso aliyokuwa akimbebea Mitchelle mgongoni, akalipakata na kulipigapiga kama mtoto msumbufu, hadi likanyamaza. Akalala. Lo, alilala!

Alilirudisha kabla hawajaamka.

Kisha familia ikaenda naye Jeddah kwa mama yake madam, jambia likabaki Riyadh. Lakini jikoni kule Roselyne alisikia kwaru, kwaru ubavuni mwake. Akafunua nguo. Ngozi ilikuwa imelainika, inang'aa.

Alimwonyesha na kumsimulia yote Bi Badriya, jirani wa huko mwenye asili ya Unguja anayewasomea wagonjwa Kurani.

"Umelifunga kwa nguo ya mwanao?" Bi Badriya alinong'ona.

"Nilikuwa nimechoka, Bi. Nilitaka tu kulala."

Alimsomea mpaka sauti ikamkauka, kisha akafunga msahafu.

"Hatoki jini huyo, mwanangu. Keshapata ala. Na akimfikia mtoto, atakuacha amwingie yeye. Usende kwenu."

Roselyne alipiga simu Kitale.

"Mum, unakuja lini?" Mitchelle aliuliza. "Ni nani anakwaruza hapo?"

Roselyne alikata simu. Alijifuta uso, akaenda sebuleni.

"Madam, nimeghairi safari. Niongezee mkataba."

Madam alifurahi sana, akamwambia aanze na vyombo.